Taa Isiyozimwa

Mama Sare, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alishona sare za shule mwaka mzima, alikaa miezi miwili bila kuzima taa ya tangi la samaki.

Tangi lilikuwa la mumewe. Ndiye aliyewalisha samaki, akabadilisha maji, na kuzima taa kabla ya kulala. Alipofariki, mkewe alibaki na samaki sita asiowajua hata tabia. Waombolezaji walipotawanyika, alirudi jioni moja kutoka kwenye cherehani yake, akafungua mlango, akakuta giza limejaa sebule nzima. Tangu siku hiyo taa ya tangi ikawaka usiku na mchana.

Maji yakaanza kubadilika. Kwanza ulikuja utando mwembamba kwenye kioo, kisha mwani mrefu kama nywele ukashika mawe, mwishowe maji yenyewe yakawa ya kijani. Akawa anawaona samaki kwa kubahatisha, mkia hapa, jicho pale. Binti yake, aliyeolewa mbali, alimshauri kwenye simu awagawe. Mama Sare akasema atafikiria, akabadilisha mazungumzo.

Jumamosi moja alichota maji yale kwenye chupa, akaenda kwa muuza samaki wa mapambo. Yule bwana aliiinua chupa dirishani, akauliza taa huwaka kwa muda gani. Mama Sare akajibu kuwa ni jioni tu.

"Mama, haya si maji ya taa ya jioni."

Akamweleza kwamba mwani hula mwanga kama mbuzi aliyeachiwa shamba: hajui kushiba. Kusugua kioo bila kuzima taa ni kutwanga maji kwenye kinu. Saa sita kwa siku zinatosha, na samaki nao wanahitaji giza wapumzike.

Mama Sare alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua.

"Nikiizima, nitarudi kwenye nyumba yenye giza," akasema. "Ule mlango siuwezi."

Muuzaji hakucheka. Alisema marehemu alizoea kukaa dukani pale bila kununua kitu, akiwasifia samaki wake hadi wateja wakachoka.

"Izime unapotoka," akasema. "Iwashe ukirudi."

Jumatatu jioni Mama Sare alisimama mlangoni na ufunguo mkononi, akisikiliza redio ya jirani. Kisha akapiga moyo konde, akaingia. Alipapasa ukuta hadi kwenye swichi huku machozi yakimtoka, akawasha taa ya tangi. Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Kila wiki alisugua kioo na kubadilisha theluthi ya maji.

Wiki ya tano maji yakang'aa. Akawahesabu samaki: wanne. Akahesabu tena. Wawili walikuwa wamekufa ndani ya ule ukijani, na yeye hakujua hata siku yenyewe.

Akampigia binti yake.

"Wawili wamekufa," akasema.

Binti akampa pole, akasema ni samaki tu.

"Najua. Lakini mwanangu, jioni zimenishinda."

Kisha binti akamuuliza huwa anafika nyumbani saa ngapi.

Tangu hapo simu iliita saa ile ile, angali mlangoni. Si kila siku. Binti naye alikuwa na yake. Siku ambazo haikuita, Mama Sare aliwasha taa, akavuta kigoda karibu na kioo, akala hapo pamoja na wale wanne.