Shukrani ya Mapema

Eleuterio Barajas alikuwa fundi wa picha za shukrani, na mji mzima wa wachimba fedha ulimjua. Ukiangukiwa na mwamba usife, ukipigwa teke na nyumbu ukainuka, unakwenda kwake. Anakuchora kwenye kipande cha bati: Mama Bikira winguni, wewe chini umepiga magoti, na maneno ya asante. Kisha unakitundika kanisani. Lakini upone kwanza! Shukrani haitangulii muujiza, hata mlevi analijua hilo.

Sasa homa ikamshika Petronila, bintiye wa pekee.

"Mchore amepona," mkewe Casimira akamwambia.

"Mke wangu, huko ni kumlazimisha Mama wa Mungu."

"Basi alazimike! Ataiona picha, ataona haya. Umewachorea walevi wote wa mji huu, mwanao ndiye unayemwekea sheria?"

Mfa maji haachi kutapatapa. Eleuterio akashika brashi, akachora kitanda, mtoto kalala, mama kapiga magoti. Petronila akafumbua macho, akachungulia.

"Baba, mbona umenilaza tena? Nisimamishe."

Maskini baba, akaifuta rangi mbichi kwa kitambaa, akaanza upya. Gauni alilimaliza. Alipofika miguuni, mtoto alikuwa ameshakata roho.

Alitaka kukitupa kile kibati. Casimira akaking'ang'ania.

"Mmalizie viatu. Andika amepona."

"Casimira, huo ni uongo."

"Andika!"

Angefanyaje? Akaandika, machozi yakimtoka. Wakakitundika kanisani kati ya vingine, na padri hata hakugeuka kukitazama.

Siku ya sikukuu walimkuta mwanamke mgeni amesimama mbele ya kile kibati, kambeba kwa shali mtoto anayetetemeka kwa homa. Mtu alikuwa amemsomea yale maneno. Alipogeuka akaitambua sura ya Casimira kutoka kwenye picha, uso ukamchangamka.

"Jamani, si wewe huyu? Hongera, mama! Hebu niambie, uliomba vipi?"

Eleuterio akafungua kinywa aseme kweli. Casimira akamkanyaga mguu. Kisha akapiga magoti kando ya yule mgeni, akamfundisha sala yake, neno kwa neno, kama alivyoiomba mwenyewe.