Pundamilia wa Bigwa

Laurenti alikuwa anakaza mpira kwenye tenga la karoti, nyuma ya baiskeli yake, pundamilia alipofika Bigwa. Alitokea upande wa Mikumi, akapita kati ya magari, akajilaza barabarani pale pale Yustina, mke wa Laurenti, alipogongwa na pikapu.

"Umechelewa," Laurenti alimwambia.

Hakuna aliyeshangaa. Tangu mambo yawe ruksa, magari kuukuu ya Dubai yalimwagika mjini, na wakubwa wakapanua barabara ikameza njia yote ya miguu na baiskeli. Yustina alipokufa, mtaa ukataka ichorwe ile mistari myeupe ya kuvukia iitwayo pundamilia. Laurenti, aliyeishia darasa la pili, akamtajia katibu wa mtaa maneno ya barua: "Tunaomba pundamilia mmoja, akae pale alipofia mke wangu." Wakubwa wakapiga muhuri. Kilichoombwa kikaja.

Magari yakasimama. Dereva wa teksi akatoa kichwa.

"Shikamoo mzee. Hebu mwondoe mnyama wako."

"Marahaba. Si wangu, wa serikali."

"Ndiyo maana nimesimama! Huyu ukimgonga ni jela. Ungekuwa wewe, ningeyamaliza na ndugu zako."

Watu wakacheka. Laurenti naye akacheka kidogo.

Wiki mbili wanawake walivukia nyuma ya mkia wake, matenga kichwani. Magdalena, mtoto pekee aliyebaki kwa Laurenti, alivuka na mimba yake ya miezi saba, akitafuna muwa.

Wiki ya tatu akaja Bwana Evance wa ofisi ya barabara, na mafundi na seng'enge. Wakamzungushia mnyama uzio, wakaacha upenyo wa gari moja.

"Waenda kwa miguu wanamsumbua," alisema. "Mvukie kule konani."

"Konani gari halionekani, bwana. Na madereva wakishampita huyu wanakanyaga mafuta."

Bwana Evance akafungua faili, akaisoma barua mpaka mwisho.

"Mliomba pundamilia, mzee. Pa kuvukia mliomba wapi?"

Laurenti akaiangalia barua. Alama ya dole gumba lake ilikuwa pale chini. Pa kuvukia hapakuwapo.

Magdalena aligongwa konani Jumanne, akivuka kwenda kliniki. Polisi wakafika upesi. Wakaanza kwa kumkagua pundamilia, wakaandika kwamba ni mzima.

Kwa Waluguru mtoto ni wa kwa mama, na makaburi ya ukoo wa Yustina yako ng'ambo ya lami. Wajomba wakabeba jeneza mpaka konani. Bwana Evance, aliyekuja kuzika, akawaomba waimbe polepole, mnyama asishtuke. Wakaimba polepole. Pikapu zikapita, malori yakapita, wajomba wakabadilishana mabega.

Mara pakapatikana mwanya.

"Kimbieni," Laurenti akasema.

Wakakimbia nalo.