Bidon ya Munkoyo

Nianze na kosa yangu. Hii habari ya Mwelwa niliisimuliaka mara ya kwanza sawa masolo ya kuchekesha: taximan mwenye motokari ilimukatalia mu barabara ya Kasumbalesa, siku ya feti ya mutoto wake. Bantu balicheka, na mi nilicheka. Njo mama mumoja akaniuliza: "Na ile bidon?" Leo ninaanza na bidon.

Ilikuwa bidon mweupe, ya litre makumi mbili, plastike nguvu sawa ngozi ya kiboko. Mwelwa aliikamata siku ya ine kwa kadafi, imejaa esansi. Ni vile tunaitaka bale benye kuuzisha esansi kando ya barabara. Kartasi yake ilikwanguliwa na kisu, lakini nani anasomaka bidon? Akamwanga esansi mu motokari, akasukula bidon na Omo, na majivu, na maji ya moto, mara tatu. Akanusa: hakuna arufu. Bibi yake, Nono, akaiona.

—Eh, papa Gracia, hii iko mukubwa! Njo ya kuwekea munkoyo.

—Kamata, mama. Bidon ya namna hii hata ku paradizo haiko.

Sababu siku ya posho, njo kusema siku ya sita, famii ya bwana-arusi ilikuwa inakuya kwabo, ku kartie Hewa Bora, kumuomba mutoto wabo Gracia. Na wageni bakuye bakose munkoyo ya kukunywa? Ni haya ya mwaka muzima. Ile usiku Nono akapika maji ya bunga, akatia mizizi, akamwanga mu bidon, akafunga. Siku mbili, ikakuwa kali vile munkoyo inapashwa kuwa.

Posho asubui, Mwelwa akaenda kukamata yaya yake, mukubwa wake wa tumbo moja, ku mupaka wa Kasumbalesa. Hata nusu ya barabara hakufika. Motokari ilikohoa, ikaruka sawa mbuzi, ikazimika. Bahati, pale pembeni ya kamio za mizigo zenye kusimama mulolongo, fundi wa motokari Rachid alikuwa anatumika chini ya bashi yake, turubai ya kivuli. Banayuana tangu zamani.

—Yaya Rachid, muangalie huyu mugonjwa. Iko na kifua.

—Haina kifua. Ni wewe unamulishaka mubaya. Hata kwako banalalaka njaa?

Rachid akafungula kapo ya injini, akatosha bujie ya kwanza, kile kidude chenye kuwashaka esansi. Bujie muzima inakuwaka rangi ya kawa ya maziwa. Ikikunywa mafuta, inakuwa nyeusi, inateleza. Rachid aliigeuza ku mwangaza, na kicheko yake ikakatika. Akatosha ya pili. Ya tatu. Ya ine. Zote zilikuliwa ku ncha, na kwenye kukuliwa kulikuwa unga kijani.

Kijani ile, hata mutoto wa chekechea wa Lubumbashi anaiyua. Njo rangi ya jiwe ya malakiti. Njo mukuba, shaba yetu.

—Hii esansi ulikamata wapi?

—Kwa kadafi.

—Mu bidon ya namna gani?

—Mweupe. Nguvu. Kartasi ilikwanguliwa.

Rachid akaweka bujie chini pole-pole. Akaenda kusukula mikono, akarudilia kusukula, tena na tena.

—Ni bidon ya kiwanda, ndugu yangu. Banawekaka mule dawa kali ya kutosha mukuba mu mawe. Ikiisha, bantu banaiba bidon, banaitosha na mulango wa nyuma. Uende uitupe.

—Niliisukula na Omo.

—Ulisukula ngozi. Plastike inakunywaka dawa, yenye kuingia mu nyama inabakia. Ukiweka kintu kikali mule, sawa siki, itavuta ile sumu yote.

Mwelwa alitafuta kintu ya kuchekesha, yeye mwenye hakosaka.

—Sawa munkoyo?

Rachid akamuangalia.

—Nani aliweka munkoyo?

Ilikuwa saa sita imepita. Wageni balipashwa kufika saa saba. Mwelwa akapiga telefone: inalia, inalia, hakuna. Akapiga tena. Rachid alikwangula bujie na burosi ya chuma, akafungula muferezi ya tanki, akamwanga ile esansi yote mu mutaro, akatia kidogo ya kwake yenyewe, safi. Motokari ikawaka! Mwelwa akageuza kuelekea Lubumbashi, hata aksante hakusema. Ikatembea mita mia tatu. Kisha ikaruka, ikakohoa, ikanyamaza kabisa.

Akashuka. Akapunga mikono kwa kamio. Zilikuwa zinaangalia zote ku mupaka, na hakuna hata moja ilitembea. Shofere mumoja alimucheka, akapandisha kioo.

Akapiga mara ya saba. Nono akakamata. Nyuma yake muziki, na bantu, na mpundu, vigelegele ya bamama.

—Papa Gracia! Uko wapi? Balifika mbele ya saa!

—Nono, sikiliza. Munkoyo...

—Eh, munkoyo! Bote banaisifu! Papa ya bwana-arusi anasema iko na ladha hajaonjaka fasi yoyote. Anaomba kopo ya pili!

—Nono, hapana! Nono!

—Sisikii, kuko kelele! Kuya mbio!

Sauti yake ikaenda mbali, sawa mwenye kuweka telefone ku meza bila kuikata. Mwelwa alisikia kopo zinagongana. Alisikia Gracia anacheka.

—Nono, uimwange. Nono. Minakuomba, uimwange yote.