Bangili ya Mpiga Upinde

Elieth Wambura alikuwa na ugonjwa mmoja tu: vitabu vya mapanga. Vile vya karatasi za njano, jalada lina shujaa aliyetuna misuli, na pembeni mwanamke mwenye upinde aliyevaa kinguo ambacho mbu wangemshukuru Mungu kwacho. Alivinunua kwa mafungu katika duka la vitabu vikuukuu mjini Silver Spring, Marekani. Kila mchana, katika chumba cha chini cha jumba la makumbusho alikofanya kazi ya kusafisha mifupa kwa brashi, alikula wali wake huku akisoma na kugombana na wachoraji.

"Huyu naye! Mkono mtupu hivi, ugwe wa upinde ukiachiwa si utamchuna ngozi? Mchoraji huyu hajawahi kurusha hata jiwe!"

Alijua alichokisema. Kwao Tarime, baba yake alimfundisha upinde kabla hajajua kusoma. Majirani waliponung'unika kwamba binti hafundishwi silaha, mzee aliwajibu kwamba mwizi wa ng'ombe hapigi hodi kuuliza kama mtoto wa kiume yupo.

Sasa mwaka ule, 2006, msafara wa kwenda kuchimba makaburi ya wapiganaji wa kale, huko nyika za Asia, ulikuwa umebakiza nafasi moja. Elieth aliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukamkimbia. Miaka minne anapiga brashi mifupa waliyoichimba wenzake, jamani, mtu hachoki? Mwenye uamuzi alikuwa Dakta Askari, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni hadi kikamnyooka kuliko cha wenyewe. Siku moja akamkuta na kitabu mkononi.

"Dada Elieth, hizi ni hekaya za watoto," alisema, kwa upole uliouma kuliko tusi. "Msafarani nahitaji mtu anayesoma ardhi. Nadhani nafasi ile nitampa mwingine."

Machozi yalimlengalenga. Akarudi kwenye brashi yake.

Wiki hiyo walikuwa wakiandaa maonyesho. Kaburi mojawapo lilikuwa la mwanamke aliyezikwa na upinde, na kibandiko kilisomeka: "Bibi harusi na upinde wa mumewe." Kamande, Mkenya aliyepanga vitu kwenye makabati ya kioo, alikuwa ameiweka bangili pana ya mfupa juu ya mkono wa kulia. Elieth akaitazama, akainama, akaitazama tena.

"Kamande, nani kakwambia uiweke hapo?"

"Dakta. Kwani bangili huvaliwa wapi? Wacha stori, tumalize twende home."

Elieth akautafuta mchoro uliochorwa siku kaburi lilipofunguliwa. Bangili ilikutwa mkono wa kushoto, upande wa ndani wa kifundo. Mwili ukamsisimka. Palepale ndipo baba yake alipokuwa akimfunga kipande cha ngozi, ugwe usimchape! Na ile mikwaruzo juu ya bangili, iliyoandikwa kuwa ni nakshi, yote ililala upande mmoja.

Alipiga hodi kwa Dakta Askari akiwa ameshaingia.

"Dakta, huyu si bibi harusi wa mtu. Upinde ni wake, alikuwa akiupiga mwenyewe."

"Ushahidi?"

"Jumamosi, Springfield, kwenye uwanja wa mishale. Nikishindwa, mpe nafasi umtakaye, sitafungua mdomo."

Kamande alinung'unika, lakini akamchongea nakala ya ile bangili kwa mfupa wa ng'ombe, laini isiyo na alama hata moja. Jumamosi asubuhi Elieth akaifunga mkono wa kushoto, kwa ndani. Ugwe akaupaka vumbi la mchanga, kama upinde wa mtu aishiye nyikani. Askari alisimama amekunja mikono.

Mshale wa kwanza ulichoma nyasi.

"Uwi! Tumekwisha," Kamande akafunika uso.

Miaka saba hakuwa ameshika upinde. Wa pili uligusa ukingo wa shabaha. Wa tatu ukazama katikati, na hapo mikono ikaanza kukumbuka yenyewe. Akapiga mishale mia mbili, mabega yakiwaka moto, ugwe ukiuchapa mfupa kila mara.

Askari akachukua kioo cha kukuzia na picha ya bangili ya kaburini, akaviweka pamoja na nakala. Mikwaruzo ilianzia ukingo uleule, ikalala mlalo uleule.

"Mkono wa kulia nilimwambia mimi Kamande," alisema hatimaye, akivua miwani. "Na unajua niliitoa wapi dhana hiyo? Nilipokuwa mvulana kule Bladensburg nilikuwa na sanduku zima la vitabu kama vyako. Kwenye majalada yote wapiga upinde huvaa bangili mkono huo."

"Kumbe!" Elieth aliangua kicheko. "Mimi nimevisoma nikavibishia, wewe ukaviamini!"

"Nimeshindwa, dada. Nilikukosea, nisamehe. Kibandiko kipya utaandika wewe." Akatoa karatasi ya msafara mfukoni, akaandika jina la Elieth mbele yake mwenyewe. "Pasipoti unayo?"

"Ninayo! Ninayo, Dakta, wala haijaisha muda!"

"Tunaondoka tarehe sita Juni."

Elieth akapiga kigelegele kirefu, cha kwao kabisa, hadi wazungu waliokuwa wakilenga shabaha zao wakashusha pinde kuuliza kuna nini.

"Anaenda kuchimba!" Kamande akawapigia kelele, naye anaruka.

Elieth hakuwasikia. Alishapiga kigelegele cha pili.