Vigae Vinavyotoa Jasho

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, mwaka ule mikorosho ilipochanua mapema, Fundi Cuthbert alipanga vigae vitatu uani kwa mama mkwe wake, kila kimoja juu ya jani kavu la mgomba, akavimwagia maji kijiko kimoja kimoja. Kijiko, si kikombe. Newala maji hayamwagwi kwa kikombe ila na mgeni, na Cuthbert hakuwa mgeni tena.

Kwao kulikuwa Masasi, Mkomaindo, ambako mtu huoga mpaka miguu hata siku ya kazi. Wamisheni walimfundisha uashi, akapanda Newala kujenga darasa la shule, akamwona Ida, akabaki. Mwaka wa kwanza wakwe zake walimtania bila huruma, kwa sababu alikuwa akinawa uso wote kwa mara moja. Siku hizi alijua kwamba maji ya uso huenda kwa mikono, ya mikono huenda kwa sufuria, na ya sufuria humalizikia kwenye mche wa mpapai.

Vigae vile vilikuwa vya bwawa la kuogelea. Klabu ya Wazungu ilikwisha kuchimba shimo lake, urefu hatua ishirini, upana hatua kumi, na mwenyekiti wa klabu, Bwana Arthur, alikuwa amebishana na mkewe wiki tatu nzima. Yeye alitaka vya kijani. Bibi Mabel alitaka vyeupe. Mwishowe wakachoka, wakampa fundi sanduku la mifano lililoletwa na lori la Lukmani kutoka Lindi, wakamwambia achague yeye, maana ndiye atakayevibandika. Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na kigae cha tatu, cha kahawia, kisichong'aa hata kidogo, cha kutandika barazani. Hicho kiliingia kwa makosa, lakini Cuthbert alikipanga pamoja na wenzake, kwa haki.

Sasa mtu atauliza, shimo kubwa hivyo lingejazwa na nini, juu huku kusiko na mto wala kisima? Maji yako chini bondeni, na wanawake huyafuata. Hutoka jogoo wa kwanza, hurudi saa nne, mtungi kichwani, na mteremko ule haumwulizi mtu kama ana mimba au ana homa. Bwana Arthur hakukusudia kujaza bwawa lake kwa mitungi, tumpe haki yake. Alikuwa amepata pampu na mabomba ya mradi wa karanga uliokufa kule Nachingwea. Mabomba yangepanda kutoka bondeni na kupita katikati ya kijiji cha akina Ida, na Bwana alikwisha kuahidi mbele ya watu wote kwamba bomba likipita, kijiji kitapata bilula moja ya kuchotea maji.

Bilula moja. Ida alikuwa na mimba ya pili, ya miezi sita, na goti lililovimba, na kila alfajiri alishuka. Cuthbert alipomsikia akijikokota mlangoni gizani, moyo ulimuuma, akageukia ukuta. Siku ile ahadi ilipotolewa alikwenda kando ya njia, mahali bilula itakaposimama, akajenga jukwaa dogo la matofali tisa, la kutegea mtungi. Ida alilifagia kila siku kama kaburi la mtu aliyependwa. Kwa hiyo Cuthbert alitaka bwawa lipendeze, na likamilike upesi, na Bwana asipate sababu ya kubadili nia.

Mama mkwe wake, Bibi Sijaona, alikuwa mfinyanzi. Mitungi yake ilijulikana mpaka Tandahimba. Asubuhi ya Jumanne alitoka ndani akiwa amejifunga kaniki, akavitazama vigae.

"Shikamoo, mama," Cuthbert akasema.

"Marahaba, baba. Vimelalaje?"

"Hivi viwili vimekataa maji. Yameteleza bila hata kusalimia. Hiki kimeyanywa."

Bibi Sijaona akakiinua kile cha kahawia. Jani chini yake lilikuwa limelowa. Akakiweka shavuni, akafumba macho.

"Hiki kinatoa jasho," akasema. "Mtungi usiotoa jasho huchemsha maji. Hivyo vingine si vya maji, ni vya kutazamwa."

Fundi yeyote wa Dar es Salaam angecheka mpaka akae chini. Vigae vya bwawa havitakiwi kunywa kitu. Hilo Cuthbert hakufundishwa, kwa kuwa wamisheni nao hawakuwa na bwawa. Yeye alijua kwamba bwawa ni mtungi mkubwa, na mtungi uliwashinda wajuzi wote pale isipokuwa mama mkwe wake. Akaenda kwa Bwana Arthur, akasema vya kahawia. Bwana akafurahi kwamba si vyeupe, Bibi Mabel akafurahi kwamba si vya kijani, na ndoa yao ikapumua.

Lukmani alileta vigae safari mbili. Cuthbert alivibandika siku kumi na sita, akamaliza Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi alipokuja kuokota zana zake, sakafu ya bwawa ilikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu.

Mvua haikuwa imenyesha tangu Mei. Pampu ilikuwa bado imefungwa kwa magunia, na mabomba yalikuwa yamelala nyuma ya klabu. Cuthbert akachuchumaa, akatazama. Kila kigae kilikuwa kinatoa matone madogo, yanakutana, yanateremka. Jumapili, watu walipotoka kanisani, maji yalifika magotini. Jumatano bwawa lilijaa hadi mstari aliouchora kwa chaki, likatulia.

Bwana Arthur alikuwa wa kwanza kuingia. Akaibuka, akatema, akasema maji yana chumvi. Bibi Mabel akaingia naye, akalala chali, akaona hauzami hata mguu mmoja. Akasema ni kama kuoga Lindi, ila hakuna samaki wa kumgusa. Klabu nzima ikaogelea mpaka jua likazama.

Alhamisi Bibi Sijaona aliletwa aone kazi ya mkwewe. Ida alikuja naye, akichechemea, na wanawake wengine wanne wakiwa njiani kutoka bondeni, mitungi bado kichwani. Bibi Sijaona akachovya kidole, akaonja.

"Hili ni jasho," akasema.

"La nani, mama?" Cuthbert akauliza.

"Letu. Mtungi hutoa jasho la maji yake. Hivi havikuwa na maji, vikatoa jasho la wanaoyabeba."

Wanawake wakatua mitungi, kila mmoja akaonja. Mmoja alilitambua la siku aliyokutana na nyati kwenye kona. Ida alionja upande wa kina kifupi, akacheka kidogo, akasema hili ni lake la Jumatatu ile goti lilipoanza kuvimba. Bibi Sijaona alizunguka bwawa zima polepole akionja hapa na pale, na kwenye kona ya mashariki akasimama.

"Hapa yuko mama yangu," akasema. Mama yake alikufa mwaka wa njaa, miaka mingi kabla Cuthbert hajazaliwa. "Alikuwa anapenda kutangulia. Mpisheni."

Wakampisha, ingawa hakukuwa na mtu. Kisha wakatwishana mitungi, wakaenda zao, maana jua lilikuwa limepanda.

Wiki iliyofuata Lukmani aliegesha lori lake nyuma ya klabu, akapakia mabomba na pampu. Cuthbert alimkuta anafunga kamba.

"Yanakwenda wapi?"

"Lindi, shamba la mkonge," Lukmani akasema. "Bwana kayauza. Fundi, wewe una mkono mzuri kupita kiasi."

Cuthbert akavua kofia, akaenda kwa Bwana Arthur barazani. Akamkumbusha habari ya bilula. Bwana alimsikiliza vizuri, hata akamkaribisha kiti.

"Bomba lilikuwa la bwawa, Fundi," akasema. "Bwawa limejaa. Bomba lipite kufanya nini?"

"Kijiji, Bwana."

"Niliahidi likipita. Halikupita." Akampa barua nzuri yenye muhuri wa klabu, inayosema Fundi Cuthbert ni hodari wa kuchagua vigae. Cuthbert akashukuru, kwa kuwa alilelewa misheni, na njiani machozi yakamtoka. Alipoeleza nyumbani, Bibi Sijaona hakumlaumu. Alisema tu kwamba mganga hajigangi, akaendelea kukanda udongo wake. Ida aliikunja ile barua, akaiweka ndani ya Kitabu cha Sala.

Lakini kazi haikuisha, kwa sababu wanawake waliendelea kupanda mteremko, na bwawa likaendelea kupanda. Kila Jumamosi lilifurika hadi kwenye viti vya Bibi Mabel. Cuthbert akapewa kazi ya kuchota yaliyozidi, ayamwage popote. Alimwita Ida, Ida akawaita wenzake, wakayachemsha palepale kijijini, juu ya jukwaa la matofali tisa lililokuwa halina kazi. Ikatoka chumvi nyeupe, safi, nyingi. Watu wa Masasi walipanda kuitafuta. Walisema chumvi ile inakolea kuliko ya dukani, na wanawake wa pale walijibu kwamba lazima ikolee, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Jumapili moja ya mwishoni mwa Novemba Ida alitwanga kisamvu, akatia karanga, akatia chumvi yake, kisha akainamisha mtungi juu ya chungu. Halikutoka hata tone.

"Baba Julia," akasema, "chumvi tunayo."

Cuthbert akaelewa. Akamwambia akae na Julia, mtoto wao, apumzishe goti. Akachukua debe, akatoka. Mwanamume kubeba maji ni jambo la kuchekwa, na alichekwa kuanzia mlangoni mpaka bondeni, na wazee wawili walikuja njiani makusudi ili wacheke kwa karibu. Alipopanda hakucheka mtu, kwani wote waliokuwa njiani nao walikuwa wamebeba. Alipumzika mara saba. Usiku kisamvu kilipoiva alikula akiwa amelala ubavu.

Jumatatu alikwenda bwawani mapema kufagia. Kwenye kona alikobandika kigae cha kwanza palikuwa na unyevu mpya, na maji yalikuwa yamepita mstari wa chaki kwa unene wa ukucha. Akachovya kidole, akaonja. Lilikuwa lake, akalijua mara moja.

Bwana Arthur alipita akielea chali, tumbo juu, macho amefumba.

"Maji mazuri leo, Fundi," akasema.

"Ndiyo, Bwana," Cuthbert akajibu. "Haya ya leo nimeyaleta mwenyewe."

Nje ya ua, Ida alikuwa anapita na mtungi, akielekea bondeni.