Kila Tawi na Seva Yake

Shemeji alipewa ukurugenzi wa mifumo ya kompyuta katika hospitali zenye matawi kadhaa kwa sababu alijua kuongea. Kwa maoni ya mdogo wa mkewe, fundi wa data katika hospitali hizohizo, hakujua kingine.

Kumbukumbu za wagonjwa zilikaa kwenye kundi la seva, kompyuta za kuhifadhi data, zikigawanywa kwa herufi ya kwanza ya jina. Seva ya M, herufi yenye majina mengi, ilikuwa hoi bin taabani, huku ya V ikipunga upepo. Fundi akashauri zigawanywe upya kwa namba za wagonjwa, zichanganywe, kila seva ibebe mzigo wake. Shemeji akatoa lile tabasamu lake la mgombea.

"Hapana. Kila tawi liwe na seva yake. Wakuu wa matawi watafurahi."

"Seva haibebi furaha, Shemeji. Hospitali kuu ina wagonjwa kuliko matawi mengine yote. Utakuwa umeibadilisha M jina tu."

"Kazini niite Mkurugenzi."

"Haya, Mkurugenzi. Itaanguka."

"Domo kama la dada yako!"

Fundi akahamisha data kama alivyoagizwa. Lakini mpangilio wa zamani hakuuzima. Aliuacha ukipokea kila kilichoandikwa kwenye mpya. Alimwamini shemeji yake kama mtu anavyoamini ngazi iliyooza.

Siku ya uzinduzi wa mpangilio mpya, wakuu wa matawi na wajumbe wa bodi walijaa ukumbini. Shemeji alikuwa bado anatamba jukwaani hospitali kuu ilipoanza kazi ya asubuhi, na seva yake ikakata pumzi. Muuguzi wa watoto akapiga simu kwa fundi.

"Dada, nina mtoto ana degedege na kuna dawa moja inamdhuru. Imeandikwa humo, sioni! Mama yake hakumbuki jina la dawa hiyo."

Fundi hakuomba ruhusa ya mtu. Akawarudisha wote kwenye mpangilio wa zamani, simu kaibana begani.

"Imefunguka," muuguzi akasema. "Nimeiona. Asante."

Ukumbini Shemeji alikuwa anaeleza kwamba mageuzi yanataka moyo. Makofi yakapigwa. Fundi alikwenda akasimama mlangoni, akimtazama.

Shemeji akashuka, akanong'onezwa habari ya seva, akampigia mkewe. Punde simu ya fundi ikalia. Dada yake.

"Mdogo wangu, mume wangu ananiambia useme ni umeme. Msitiri."

"Kuna mtoto nusura afe, Dada."

"Si hakufa?"

Fundi akakata simu. Mwenyekiti wa bodi alipouliza kilichotokea, akajibu mbele ya wote: "Umeme haukukatika. Mkurugenzi aligawa data ili kuwafurahisha ninyi, na mkafurahi."

Mwezi uliofuata Shemeji alihamishiwa uhusiano wa umma, akapewa ofisi yenye zulia. Huko kuongea ndiyo kazi. Fundi akagawa data kwa namba, kipande baada ya kipande, bila jukwaa wala makofi, na hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kimehama.

Dada yake hapokei simu zake mpaka leo. Mama yao anamtaka aende kumwomba shemeji yake radhi. Amemjibu kwamba ataenda kumsalimia dada yake, na huyo mwingine, akikutwa nyumbani, atapewa shikamoo. Basi.