Mama Anangoja Hukumu

Profesa wetu wa sheria alipofika Gatete kuwahoji wajane juu ya mashamba, mama yangu Mwanvua alidhani ni jaji. Alivaa kitenge cha Idi, akaapa kabla ya kusema, kisha akaeleza jinsi baba mdogo Tahiri alivyomnyang'anya michikichi aliyoachiwa na baba.

Leo, huku Bujumbura, profesa ametusomea makala yake. Mama yumo: "mjane mmoja wa Gatete." Darasa likapiga makofi. Nilimfuata profesa mlangoni.

"Profesa, huyo mjane atarudishiwa shamba?"

"Mimi ni mtafiti, kijana. Simhukumu mtu."

Jioni mama akanipigia simu.

"Mwanangu, amahoro? Jaji amesema nini? Baba yako mudogo ameanza kuvuna."

"Bado, mama."

"Nilimwambia kesi yangu iko kwa wakubwa, akacheka. Acha acheke, meno yatamwisha! Yule jaji alimaliza kuku wangu mzima, hawezi kunisahau. Wewe si unasoma kwake? Mukumbushe."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Kesho nitamkumbusha."